Mabango Yasiyo na Macho

Nilikulia katika kambi ya polisi, kwa hiyo kupigwa hakukuwa jambo geni kwangu. Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili kabla ya kupiga. Mama ni Mwislamu, binti wa askari vilevile, na yeye alipiga kwa chochote kilichokuwa karibu. Nyumba zetu zilikuwa za mabati, zimebanana. Tuliwasikia majirani wakipigana, nao walitusikia sisi, na asubuhi watu walisalimiana kwa adabu kwenye foleni ya maji. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, watu wa makabila mengi na dini mbili. Wengi mjini Kampala hawakukipenda, maana kwa miaka mingi walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani. Ndicho nilichobembelezewa na ndicho nilichotukaniwa.

Nilipojifunza kompyuta nilidhani nimepata mahali ambapo hakuna mtu atakayeniinulia mkono. Mchana nilitengeneza kompyuta za watu katika chumba kidogo ghorofa ya tatu, kwenye jengo moja la maduka karibu na stendi ya teksi. Saa zilizobaki nilifanya kazi niliyoipenda zaidi, ya kutunza vifurushi vya Linux, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu duniani wanaoandika programu na kuzigawa bure. Kuna wengine, wengi zaidi, wanaozitumia. Katikati tuko sisi. Tunaichukua programu kwa mwandishi wake, tunaiangalia, tunarekebisha pale inapogongana na nyingine, tunaifunga, tunaitia sahihi na kuiweka kwenye hazina, ambako kompyuta za watu huja kuichukua zenyewe. Hiyo ndiyo inayoitwa kifurushi. Mama huuza mivumba katika soko la Owino, nguo kuukuu zinazokuja kwa marobota, na siku nilipomweleza alisema ni kama kufungua robota: unatoa nguo, unashona kifungo kilichong'oka, unaitundika, halafu anakuja mtu aliyenunua shati kukutukana kwamba tumbo lake limekua.

Alikuwa amepatia. Jambo ambalo hakulijua ni ukali wa matusi. Kuna mahali pa wazi ambapo watumiaji huandika hitilafu walizokutana nazo, na mtunzaji husoma na kujibu. Mtu mmoja alinitakia saratani kwa sababu kitufe kilihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwingine aliandika kwamba mama yangu angeitoa mimba yangu ingekuwa sadaka. Kifurushi cha mwenzangu mmoja wa nchi ya mbali kilichelewa wakati anauguza mtoto, akaambiwa afe yeye na mtoto wake ili apatikane mtu mwenye nafasi. Tulikuwa tukijibu: asante kwa taarifa, tafadhali tuma maelezo ya toleo unalotumia. Ukijibu kwa hasira wanakusema kwamba huna nidhamu.

Vifurushi visivyo na mtunzaji tunaviita yatima. Mimi nilichukua yatima mmoja, programu ya kugawa rangi. Mpiga chapa anapotaka kuchapa picha, lazima picha ile igawanywe katika wino nne, kila wino na sahani yake, na programu hii ndiyo iliyokuwa ikigawa. Niliichukua kwa sababu nilijua kwamba pale mjini kwetu, kwenye mtaa wa wapiga chapa, vijumba vingi viliitegemea. Programu za kununua ni za watu wakubwa.

Mwandishi wa programu alikuwa mtu wa nchi ya baridi ambaye sikuwahi kuuona uso wake. Ikagundulika kwamba programu ina tundu: mtu mwovu angeweza kutengeneza picha ambayo ukiifungua inampa njia ya kuingia kwenye kompyuta yako. Mwandishi aliliziba tundu lile katika toleo jipya tu. La zamani, alisema, limekufa, na yeye hazungumzi na maiti. Nilijaribu kukichukua kile kiraka chake na kukishonea kwenye toleo la zamani. Toleo hilo lilijengeka vizuri kwenye kompyuta yangu, likaanguka kwenye kompyuta za aina nyingine. Nikarekebisha, likaanguka kwingine. Umeme wa jengo ukikatika katikati ya kujenga, unaanza upya. Mwisho wake nikaona heri watu wapate toleo jipya kuliko kuacha mlango wazi kwa wezi. Nikalituma, pamoja na notisi kwamba mafaili ya mtindo wa zamani hayasomwi sawasawa, na kwamba mtu ajaribu kwanza kabla ya kuchapa.

Ilikuwa msimu wa kampeni. Mji mzima ulikuwa na nyuso za wagombea ukutani, juu ya nguzo, hata kwenye mifereji ya mtaa wa Bwaise mvua ilipoziangusha. Mabomu ya machozi yalipigwa mchana kweupe, watu wakakimbia, wakarudi, wakaendelea kuuza. Wafanyabiashara wa jengo letu walizoea kushusha milango ya chuma kwa mkono mmoja huku mkono mwingine wanahesabu chenji.

Hitilafu zikaanza kuandikwa. Kati ya matusi ya kawaida ulikuwepo ujumbe mmoja kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa safi kuliko changu: "Ewe mtunza kifurushi, nikikupata nitakuvunja vidole kimoja kimoja." Chini yake alikuwa ameambatisha faili la bango. Nikalifungua. Uso wa mgombea wa kiti kimoja cha hapa hapa Kampala, tai nyekundu, tabasamu pana. Nikalipitisha kwenye programu, likatoka bila macho. Mahali pa macho palikuwa na mashimo meupe.

Nilielewa kilichotokea. Msanii aliyepanga bango alikuwa ameyang'arisha macho ya mgombea katika tabaka la juu la picha, na toleo jipya lilikuwa likiliruka tabaka hilo. Lakini kwa nini linaliruka, sikuweza kujua kutokana na faili pekee. Nilihitaji kuiona kompyuta yake. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mimi niko Kampala, nikataja jengo na ghorofa, nikamwomba aje nayo.

Kaka yangu hakupenda. Alikuwa mlinzi wa jengo lile lile, langoni chini, na watu wote walimwita afande. Alikuwa ameshapigana vita nje ya nchi, akarudi na sikio moja lisilosikia na hasira iliyokuwa ikipanda bila kubisha hodi. Kampuni ya ulinzi ilimpa sare na rungu.

"Dada, mtu akisema atakuvunja vidole, humwelekezi unapokaa," alisema.

"Kwenye kazi yetu wanasema hivyo kila siku."

"Hata kwenye kazi yetu," alisema. Akarudi langoni kwake.

Yule mtu alikuja mchana, siku ambayo moshi wa machozi ulikuwa bado unapanda kutoka barabarani na watu wengi jengoni walikuwa wamefunga pua kwa leso. Alikuwa amebeba kasha la kompyuta begani. Mtu mzima, mwembamba, kofia ya Kiislamu, shati limefungwa vifungo vibaya. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hadi likazibika, na mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Alitoa salamu, nikaitikia. Akasema anamtafuta mtunza kifurushi.

"Ndiye mimi."

Alinitazama kwa lile jicho lake lililobaki, akaliweka kasha juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nikamwuliza kilichompata. Alisimulia akiwa amesimama, kwa Kiswahili kile cha familia za zamani za wafanyabiashara, watu ambao babu zao walikuja kutoka pwani wakafungua maduka na vyuo vya Kurani.

Alikuwa amechapa mabango yote kwa mkupuo mmoja. Mwanga wa chumba chake ni hafifu, yeye mwenyewe alikuwa na haraka, na karatasi zilitoka zikiwa zimelaliana. Vijana wa mgombea walikuja kuyachukua, wakayafungua uani kwa bosi wao, mbele ya watu. Bango baada ya bango, bosi wao hana macho. Wengine walisema mpiga chapa kanunuliwa na mpinzani. Wengine walisema huo ni uchawi, kwamba mtu akichapwa bila macho atakufa kipofu. Walimfuata dukani, wakampeleka uani kwa nguvu, wakampiga kwa waya wa umeme. Walimpigisha magoti, wakamkunjia bango moja na kumlazimisha atafune uso wa mgombea hadi aumeze. Mengine wakayachoma mbele yake.

"Wino una ladha ya mafuta ya taa," aliniambia. "Hadi leo naisikia."

Nilimpa pole. Ilikuwa pole ya kweli. Kisha nikaifungua kompyuta yake, na kama nilivyodhani, ilikuwa imejichukulia toleo jipya yenyewe, maana ndivyo ilivyopangwa. Aliuliza kwa nini hakuambiwa. Nikamwambia aliambiwa. Akataka kuiona hiyo notisi. Nikamwonyesha. Ilikuwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, katikati ya mistari mingine mingi inayopita upesi wakati kompyuta inajisasisha. Aliinama akaisoma kwa jicho moja, midomo ikitembea.

"Hii ndiyo uliyodhani nitaisoma?"

Hapo nilisema neno ambalo lilikuwa kweli, na ambalo baba yangu angenipiga kwa kulisema. Nilimwambia kwamba mpiga chapa yeyote hujaribu karatasi moja kwanza.

Aling'oa kibodi mezani, waya na kila kitu, akanipiga nayo usoni. Vitufe viliruka kama punje za mahindi. Nilishika meza nisianguke, na yeye akaipiga ile mikono yangu, kwa ubao wa kibodi, mara ya pili na ya tatu, akilenga vidole. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akihema tu. Damu ilinishukia kwenye jicho kutoka kwenye nyusi, na mimi, mtoto wa kambini, sikulia wala sikuomba. Nilichukua kisanduku cha chuma kinacholisha kompyuta umeme, kilichokuwa mezani, kizito kama tofali, nikamgonga nacho mbavuni kwa nguvu zangu zote. Nilisikia sauti ya pumzi ikimtoka. Nikampiga tena. Tuliangukia kwenye rafu, kompyuta za watu zikatuporomokea, na bado tulikuwa tunapigana chini, yeye ananivuta nywele, mimi namng'ata mkono. Mwanamke wa duka la pili, anayeuza vifuniko vya simu, alitokea mlangoni akapiga yowe.

Yowe lile ndilo lililomzindua. Aliinuka, akaliangalia duka, akaniangalia mimi, akalibeba kasha lake na kutoka mbio.

Kaka alikuwa tayari yuko ngazini, anapanda. Aliona mtu mwenye damu kwenye shati anashuka mbio na kompyuta, na nyuma yake, juu, aliniona mimi nimeshika ukuta, uso mwekundu. Hakuuliza. Aliliinua rungu akampiga mkono wa kulia, na kasha likamponyoka likabingirika ngazi kwa ngazi hadi chini, likitoa mlio ambao kila mtu jengoni aliusikia. Yule mtu akalifuata, nusu anakimbia, nusu anaanguka. Kule chini mtu akasema neno moja, kwa Kiganda, neno la mwizi.

Kampala neno hilo linatosha. Watu walikuwa wameshachemka tangu asubuhi kwa moshi na risasi za hewani, na sasa walikuwa na mtu wa kumpiga. Walimkuta kwenye uwanja mdogo wa katikati ya jengo, pale wanapoegesha pikipiki. Walianza kwa makofi, kisha mateke, kisha vitu: kufuli, ubao wa sanduku la nyanya, kiti cha plastiki. Mwanamume niliyemfahamu, fundi wa saa, mtu mpole, alikuwa amevua kiatu na anampiga kwa kisigino cha kiatu hicho kichwani, kwa utaratibu. Kofia yake ilikuwa imekanyagwa chini. Kutoka upande wa lango nilimwona kijana anavingirisha tairi.

Nilishuka nikipiga kelele kwamba si mwizi, kompyuta ni yake. Nilisema kwa Kiganda, nikasema kwa Kiswahili. Hawakunisikia, au walisikia wakaona nimechanganyikiwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ushahidi wao. Damu usoni kwangu ndiyo iliyowapa haki. Fundi wa saa alinishika bega kwa huruma.

"Dada, kaa pembeni," alisema. "Tuache tumalize."

Nikapita chini ya mkono wake, nikamlalia yule mtu juu. Sikufikiri. Kama ningefikiri, nisingefanya, maana dakika chache nyuma nilitaka kumvunja mbavu. Nilihisi pigo mgongoni, na jingine nyuma ya paja. Chini yangu alikuwa anatetemeka, na alikuwa akisema kitu kile kile tena na tena. Nilipoinamisha sikio nikasikia kwamba ni shahada.

Kisha nikasikia sauti ya kaka. Alikuwa amefika chini na kuniona. Hakusema kwa Kiganda.

"Rudi nyuma! Wote! Rudi nyuma!"

Ilikuwa sauti ya gwaride, sauti ya baba. Watu walirudi. Wengine waliinua mikono kabla ya kujua nani amesema. Kaka alisimama juu yetu na rungu lake, anamzungukia kila mtu kwa macho, na nilijua kwamba yeyote atakayepiga hatua atapasuliwa kichwa. Kijana wa tairi aliliacha likabingirika peke yake hadi likaangukia pikipiki.

Tulimpeleka hospitali ya Mulago kwa pikapu iliyokuwa imeleta matoke. Kaka alimshika kichwa ili kisigonge vyuma, na njia nzima hawakutazamana. Hospitali ilikuwa imejaa watu wa siku ile, waliokanyagwa, waliopigwa, waliovuta moshi. Nilishonwa nyusi. Yeye alifungwa kichwa, akaondolewa jino lililokuwa limeshavunjika nusu tangu kwa vijana wa mgombea, na mkono wa kulia ukawekwa plasta. Mifupa ya kiganja ilikuwa imesagika. Hakuna aliyeweza kusema kama ni rungu au ni wale watu wa uwanjani. Kaka alijua. Alitoka nje akasimama uani, akawa anatazama ukuta.

Mimi na mpiga chapa tulikaa kwenye benchi moja tukingoja dawa. Mke wake alikuwa ameshapigiwa simu, anakuja. Hatimaye aliuliza kompyuta iko wapi. Nikamwambia nimeiacha kwa yule mwanamke wa vifuniko vya simu, ameifungia ndani.

"Utaweza kuirudisha ilivyokuwa?"

Nilimwambia nitajaribu. Akatikisa kichwa kukubali, na kutikisa kule kukamuumiza, akafumba jicho.

Polisi waliandika maelezo yetu. Askari aliyeandika alinicheka, aliposikia kwamba vita vyote vile vilianzia kwenye macho ya picha, akauliza nani anamshtaki nani. Yule mtu alisema hamshtaki mtu. Nami nikasema hivyo hivyo. Kampuni ya ulinzi haikuhitaji mashtaka. Ilimfukuza kaka kwa kuacha lango. Mama aliposikia habari yote, jioni, alianza kwa kunikagua vidole, kimoja baada ya kingine. Kisha akampiga kaka kofi kwa kuuvunja mkono wa mtu anayekula kwa mkono wake, na akanipiga mimi la pili kwa kumleta mtu yule kazini.

Kasha lilikuwa limebonyea kama kopo, lakini diski ndani yake ilikuwa nzima. Nilifanya kazi na vidole viwili vimefungwa pamoja kwa plasta. Nilipata nilichokuwa nikikitafuta: faili lake lilikuwa limehifadhiwa kwa namna ya zamani mno, na toleo jipya lilikuwa linaliona tabaka la juu kama kivuli na kulitupa bila kusema neno. Niliandika kiraka. Nikampelekea mwandishi kule kwenye baridi yake, nikamweleza kwa adabu. Alijibu kwamba mafaili yale hayaungwi mkono, na mwenye kuyatumia ajilaumu. Nikamwandikia tena. Safari hii nilimpa habari kwamba mtu amepigwa karibu kuuawa, nikaambatisha picha ya bango lisilo na macho.

Alijibu kwamba picha si ushahidi, nitume faili lenyewe na nitaje toleo.

Niliupiga ngumi mlango wa kabati hadi ubao ukaingia ndani. Mshono wa kwenye nyusi ukaachia, nikakaa chini sakafuni nimeshika kitambaa, nikiwa na hamu ya kumpata yule mwandishi shingoni kwa mikono yangu. Nilikuwa na jina lake la mtandaoni, nilijua mji wake. Niliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, maneno ya vidole na ya macho, tena kwa Kiingereza kizuri. Kisha nikayafuta, nikatuma faili, nikataja toleo. Hakujibu tena. Nikakiweka kiraka kwenye kifurushi mwenyewe, bila idhini yake, kama tunavyoruhusiwa, na nikakubali kwamba kila atakapotoa toleo jipya nitalazimika kukishona upya. Wiki ile ile mtumiaji mmoja aliandika kwamba kiraka changu kimeifanya programu kuwa nzito, na kwamba watu wa Afrika wangewaachia kazi hii wanaoiweza. Nilimjibu: asante kwa taarifa.

Niliipeleka kompyuta mwenyewe kwenye mtaa wa wapiga chapa, kwenye kasha jipya. Mke wake ndiye aliyekuwa mbele, mwanamke mnene mwenye mtandio wa kijani. Alinitazama nyusi, akajua.

"Wewe ndiye uliyepigana na mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

Alinipiga kofi moja, la mkono mzito, hadi nikaona nyota. Kisha akanivutia kiti.

Mume wake alitoka chumba cha nyuma, mkono kwenye plasta umening'inizwa kwa kitambaa. Tulisalimiana. Niliunganisha waya, yeye akinielekeza kwa mkono wa kushoto, na tulipokosana njia ya waya mmoja alinikaripia, nami nikamkaripia, na mke wake akatukaripia wote wawili. Nililipitisha lile bango la mgombea, kwa kuwa ndilo tulilokuwa nalo. Karatasi moja tu. Mashine ilinguruma, ikaitema. Mgombea alikuwa na macho yote mawili. Yule mtu aliikamata karatasi, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda, akaichana vipande vidogo vidogo kwa meno na mkono mmoja, akavitupa kwenye pipa.

Kisha akaniambia kwamba ile notisi ni upuuzi. Kama kuna hatari, programu isimame, ikatae kuendelea, ipige kelele mpaka mtu aijibu. Nilimweleza kwamba kanuni zetu hazipendi programu inayosimama na kuuliza. Kompyuta nyingi duniani hazina mtu wa kujibu. Alisema waliotunga kanuni hizo hawajawahi kutafuna karatasi. Tulibishana hadi adhuhuri. Sasa programu inasimama inapokutana na faili la namna ile, na inasema kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Maneno ya Kiswahili aliyaandika yeye. Yangu aliyakataa, alisema ni ya kambini.

Tangu hapo, kabla sijatuma toleo lolote hazinani, yeye hulijaribu kwanza. Akikuta kosa hunipigia simu na kunitukana papo hapo, bila salamu, na mimi hurekebisha. Mkono wake ulipona vibaya. Kiganja kimepinda kuelekea kwenye kidole gumba, na vidole viwili havikunjiki. Anafanya kazi nao hivyo hivyo.

Kaka alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja nje ya mji. Hawajawahi kuongea. Siku moja tulikuwa tunashuka pamoja, mimi na kaka, kuelekea Owino kumsaidia mama kubeba robota, tukamwona yule mtu ng'ambo ya barabara, amesimama mlangoni pa duka la karatasi. Alituona. Aliuinua ule mkono uliopinda, juu, akaushikilia hivyo kwa muda kidogo, halafu akaingia ndani ya duka.

Kaka alisimama. Magari yakatupigia honi.

"Amenisalimia au amenitishia?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Tukavuka.